Uani Kwangu Haingii Fundi

Jumamosi, 5 Aprili

Nimedharauliwa mezani kwangu, kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai.

Ilikuwa hivi. Mke wangu alirudi kutoka zamu (ni muuguzi, wodi ya wanaume, amezoea kuamrisha), akaketi bila kuvua viatu, akasema mama yake ameshafanyiwa upasuaji wa goti, umekwenda salama, na Jumamosi ijayo analetwa kwetu. Mwezi mzima. Nikasema akaribie, mama ni mama. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Ndipo akaongeza kwamba daktari ameagiza mgonjwa atembee kila siku, asubuhi na jioni, mahali tambarare, la sivyo goti litakauka na kukataa kukunjika maisha yake yote. Aliposema hivyo akageuza shingo taratibu, akatazama uani kupitia dirisha la jikoni.

Nikatazama na mimi. Sikatai, uani hapajakaa vizuri. Magugu yamefika kiunoni. Bomba la nje linadondosha maji, na chini yake pana tope la kudumu. Ardhi yenyewe imeinama upande kama kofia ya mlevi. Lakini mimi nimepazoea.

Mke wangu akasema atampigia simu Fundi Kimya aje ajenge njia.

Fundi! Nyumbani kwangu! Mimi ni mkaguzi wa mizani. Miaka ishirini na miwili nazunguka masokoni kukagua mizani za wafanyabiashara. Kilo iliyopungua kwa punje chache za mchele, naijua kwa kuitazama tu. Nimewatoa jasho watu wenye maduka ya ghorofa. Leo nishindwe na njia ya hatua kumi na nne? Maana nimeshaipima: kumi na nne kamili, kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani.

Nikamwambia nina likizo ya wiki mbili, nina mikono miwili, na vifaa vya kujengea vimejaa mitaani, vinatupwa tu. Fundi wa nini? Akasema, "Mume wangu, na zile rafu za bafuni je?" Akiniita mume wangu najua mambo yameharibika. Nikamweleza kwa mara ya mwisho kwamba rafu zilianguka kwa sababu ya ukuta, si kwa sababu yangu.

Tumekubaliana nina hadi Alhamisi. Alhamisi anakagua. Asiporidhika, anaitwa fundi. Nimekubali kwa dharau.

Jumapili, 6 Aprili

Siku njema! Ile hoteli iliyo karibu na kituo cha mafuta inabomoa mabafu yake yote. Nyuma yake kuna kilima cha vigae. Vya rangi ya waridi, vya buluu, vingine vina picha ya samaki. Vingi vimevunjika pembe tu. Nikamuuliza mlinzi vinakwenda wapi, akasema jalalani. Jalalani! Nikamwomba. Akasema chukua vyote, mzee, utakuwa umetusaidia. Nikamsamehe hilo la "mzee".

Nimekwenda safari sita kwa toroli la muuza maji. Toroli lina gurudumu linalovuta kushoto, kwa hiyo safari zote sita nimetembea kama mtu anayebishana na mbuzi. Safari ya tatu nikakutana na jirani yangu wa ukuta mmoja. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima bado unamwita Mwalimu Mkuu kana kwamba sote tuko darasa la nne. Uani kwake pamesakafiwa. Ana maua kwenye vyungu vilivyopangwa kwa urefu, kama wanafunzi kwenye foleni ya asubuhi.

Alisimama. Akatazama toroli, akatazama jasho langu. Akasema, "Jirani, naona unajitahidi."

Unajitahidi! Hilo ndilo neno wanaloandika kwenye ripoti ya mtoto aliyeshika mkia. Sikumjibu. Na hata kama ningemjibu, toroli lilikuwa limeshaniburuta hadi upande wa pili wa barabara.

Jumatatu, 7 Aprili

Kazi! Nimeng'oa magugu, nimesambaza mchanga, nimelaza vigae. Mafundi hudai kwamba ardhi lazima ishindiliwe kwanza kwa chombo kizito. Hizo ni hila za kurefusha kazi. Mimi nimeshindilia kwa miguu, nikipita huku na huku. Nina kilo tisini na moja, zilizopimwa kwa mzani halali. Inatosha.

Pima maji sina, na kununua kitu cha kutumia mara moja ni ujinga. Nikajitengenezea. Nimechukua chupa bapa ya dawa ya kikohozi, nimeilaza juu ya rula, nimeifunga kwa uzi. Povu likikaa katikati, basi hapo pako sawa. Nilipoiona imekamilika nilitamani wenzangu wa ofisini wangekuwepo.

Mwalimu Mkuu akachomoza kichwa juu ya ukuta. (Ana ngazi maalumu kwa ajili hiyo, naapa.) Akasema anayo pima maji halisi, ya urefu wa mkono mzima, naweza kuiazima. Nikamshukuru, nikamwonyesha ya kwangu. Aliitazama muda mrefu. Akauliza kama ndani mna maji au bado mna dawa. Nikamwambia bado mna dawa, siwezi kumwaga dawa nzima. Akasema vigae vya bafuni huteleza sana vikilowa. Nikamjibu kwamba huko bafuni vilikuwa vinalowa kila siku, na wageni wa hoteli walikuwa wanaoga na kulipa. Akashuka ngazi.

Saa kumi na moja njia imekamilika. Hatua kumi na nne za waridi na buluu, na samaki watatu. Nimesimama mlangoni nikiitazama, hadi mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mvua isiyo na adabu!

Njia yangu imefanya kazi vizuri kupita kiasi. Maji yote ya uani yalikusanyika juu yake, yakashika mstari, yakaandamana moja kwa moja hadi jikoni. Nilipoamka sufuria ndogo ilikuwa inaelea kando ya jiko. Kandambili yangu moja ilikuwa imeshafika sebuleni, inaelekea chumba cha wageni.

Mke wangu alikuwa ameketi juu ya meza, miguu juu, kikombe cha chai mkononi, ametulia. Utulivu wa namna hiyo siupendi. Akasema anashukuru, maana sasa mama yake ataweza kuogelea pia.

Nimechunguza chanzo. Si kosa langu. Dawa ya kikohozi ni nzito kuliko maji, na povu lake lina uvivu. Ukiliweka mahali linabaki pale pale, linafikiria. Kwa hiyo kila mahali liliponihakikishia kwamba pako sawa, palikuwa pameinamia jikoni kwa vidole vitatu. Waliotengeneza dawa ile wangepaswa kuandika onyo kwenye chupa. Nafikiria kuwaandikia barua.

Siku nzima nimekausha sakafu kwa tambara na karai. Jioni nikaanza kukohoa. Dawa imefungwa kwenye rula.

Jumatano, 9 Aprili

Nimegeuza mteremko. Nimeng'oa vigae vyote, nimeinua upande wa jikoni kwa udongo, nimevilaza upya. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua kama ni mgongo. Saa nane nikamwaga ndoo tatu za maji kujaribu. Yakateremka kwa heshima hadi ukutani, yakapita chini ya ukuta, yakatoweka. Safi kabisa! Nikamwaga nyingine tatu, kwa raha tu.

Baada ya muda mfupi nikasikia hodi ya mtu mwenye hasira. Mwalimu Mkuu, kasimama mlangoni, soksi zimelowa, gazeti limelowa. Alikuwa amejipumzisha kwenye kiti chake cha uvivu akisoma, maji yakamfikia kimya kimya kutoka nyuma. Akauliza kama nafahamu maji yangu yanakwenda wapi. Nikasema yanakwenda bondeni, kama maji mengine yote. Akavuta pumzi. Akasema atalinyamazia hili kwa heshima ya mke wangu, aliyemchoma sindano vizuri sana alipolazwa mwaka jana.

Sindano! Kwa hiyo heshima yangu katika mtaa huu inashikiliwa na sindano!

Nimeziba tundu la ukutani kwa matambara na saruji. Sasa maji hayaendi jikoni wala kwa jirani. Hayaendi popote. Yamekaa tu juu ya samaki.

Alhamisi, 10 Aprili

Ukaguzi. Mimi nimekagua watu miaka yote hiyo, sijawahi kumkagua mtu kwa ukatili wa leo.

Mke wangu alijaza beseni, akalimwaga njiani kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Haya, pita." Nikasema ngoja nivae viatu. Akasema mama anavaa kandambili, vaa kandambili. Akanipa na fimbo, ili mambo yawe sawasawa na ya mgonjwa.

Nikapita. Hatua nne za mwanzo, safi. Ya tano, safi. Ya sita nikaanza kuringa. Hatua ya tisa, penye samaki wa pili, kandambili ya kulia ikaenda zake. Ya kushoto ikaifuata. Fimbo ilikwenda kusikojulikana. Nikajikuta nimeketi kwenye tope la bomba, na juu ya ukuta kichwa cha Mwalimu Mkuu kikasema, "Pole, jirani." Hakuongeza neno. Kutokuongeza huko ndiko kulikoniuma.

Mke wangu hakucheka. Alinisaidia kuinuka, akanipapasa mgongo kwa vidole vyake vya hospitali, akasema hakijavunjika kitu. Kisha akampigia Fundi Kimya mbele yangu. Yeye alieleza kwa dakika tatu. Fundi akasema, "Hm." Basi. Fundi huyu haongei, ndiyo maana akapewa jina hilo. Baadaye kukaja ujumbe: Jumatatu. Kabla ya hapo ana kazi nyingine.

Ana kazi nyingine! Naletewa fundi nisiyemtaka, na fundi mwenyewe hana nafasi na mimi!

Hadi Jumatatu njia imefungwa. Mke wangu ameweka kiti cha plastiki katikati ya mlango wa jikoni, akaniapisha kwamba mama yake hatakanyaga vile vigae, viwe vimelowa au vimekauka. Nikaapa. Lakini kuhusu kivuli hakusema kitu. Fundi ameitiwa njia tu. Je, mgonjwa atakaa wapi apunge hewa? Kesho najenga kivuli, na sitaki kusikia lolote.

Ijumaa, 11 Aprili

Muuza matairi wa barabara kuu amenipa turubai kubwa la tangazo, kuukuu lakini zima. Nilipoanza kumsimulia habari za mgongo wangu akanipa hata kamba ili niondoke. Nguzo nne nimezipata kwa seremala, mbao zenye vifundo zisizofaa kwa kitu kingine. Nimechimba mashimo manne nje ya mlango wa jikoni, nikakoroga zege. Zege langu lilitoka jepesi kidogo, kama supu ya mgonjwa. Nguzo tatu niliziegemeza ukutani. Ya nne haikuwa na pa kuegemea. Nikaishika kwa mikono, nikangoja zege likauke.

Kuna jambo ambalo hakuna anayekuambia mapema: zege halina haraka. Nilianza kushika saa nne. Saa tano pua ikaniwasha. Saa sita mkono wa kulia ukafa ganzi, nikahamia wa kushoto. Simu ikalia mfukoni. Ikalia tena. Ililia mara saba, nami nikaapa kwamba nikimjua huyo mtu nitamweleza maana ya subira.

Saa saba nikasikia gari mbele ya nyumba. Hospitali walikuwa wanahitaji kitanda, wamemtoa mama mkwe siku moja kabla. Simu saba zile ndizo hizo. Mke wangu na dereva wa teksi wakamwingiza polepole, wakamketisha jikoni kando ya mlango, mguu juu ya mto. Akanyanyua macho. Na mimi pale nje, sijanyoa, tope hadi magotini, nimekumbatia mti mkavu.

Mama mkwe ni mwanamke mfupi asiye na papara. Baba mkwe alipofariki alijenga nyumba tatu za kupangisha kwa kusimamia mafundi yeye mwenyewe, ameketi juu ya mfuko wa saruji. Tangu nimwoe binti yake ananiita baba, kwa sauti ambayo watu humsemea mtoto aliyevaa suruali ya babake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, unafanya nini hapo?"

Nikasema nashika nguzo. Akauliza tangu saa ngapi. Nikasema tangu saa nne. Akaipima nguzo kwa macho. Kisha akamwambia binti yake aniletee vipande viwili vya mbao, nyundo na misumari. Akanielekeza kwa fimbo: kipande kimoja kipigilie huku, kingine kule, viinamie chini kwa pembe, viishie kwenye kigingi. Nikafanya. Nikaachia mkono mmoja. Nikaachia wa pili. Nguzo ikasimama peke yake! Dakika nne! Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hatua yangu inayofuata.

Jioni tukafunga turubai. Kosa ni kwamba sikuwa nimelikunjua lote kabla. Upande wa chini, juu kabisa ya kiti cha mama mkwe pale mlangoni, kuna maandishi mekundu yenye ukubwa wa mtoto: YALIYOTUMIKA, BADO IMARA.

Mama mkwe aliinua shingo, akasoma kwa sauti, neno moja moja. Akalitazama goti lake. Akanitazama mimi.

Nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna chumvi, nikaenda dukani.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika kwa tabu. Nitaeleza kwa nini.

Asubuhi mke wangu alikuwa amelala, ametoka zamu. Usiku upepo ulikuwa umelegeza turubai, nikatoka kwenda kukaza kamba. Pembe moja siifikii. Nikahitaji kitu cha kupandia. Kikawepo kile kiti cha plastiki mlangoni. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika kama ilivyo. Nilikichukua mimi.

Nikiwa juu ya kiti, kamba mdomoni, nikasikia ko, ko, ko. Fimbo. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa njiani, amevaa kandambili, amefika hatua ya sita. Umande ulikuwa bado unang'aa juu ya vigae. Akaniona, akasema bila wasiwasi kwamba ameona mlango uko wazi, akajua pameshakuwa tayari.

Nilitaka kumwambia asimame. Kamba ilikuwa mdomoni.

Hatua ya saba. Ya nane. Sikumbuki nilivyoshuka kwenye kiti. Nakumbuka fimbo ikiteleza pembeni, na yeye akienda nyuma polepole, kama mtu anayeketi mahali pasipo na kiti. Nikajitupa. Nikapita juu ya vigae kwa tumbo, mikono mbele, nikafika chini yake kabla hajafika chini. Alinikalia mgongoni kwa uzito wake wote. Kitu ubavuni mwangu kikalia ta!

Niliogopa kugeuza shingo. Nililiwaza lile goti na nyuzi zake. Nikamwaza mke wangu akiamka na kutukuta.

"Mama?"

Kimya.

"Mama!"

"Niko hapa," akasema. "Goti liko juu, halijagusa kitu. Wewe je, baba?"

Nikasema mimi mzima. Sikuweza kupumua. Akabaki pale pale mgongoni kwangu hadi mke wangu alipokuja mbio, kwa sababu daktari amemkataza kuinuka bila kusaidiwa.

Tulikwenda hospitali wote watatu. Goti salama, nyuzi zote mahali pake. Mimi ubavu mmoja umepata ufa. Tuliporudi nyumbani mke wangu alinifunga bandeji mwenyewe. Nilikuwa nangoja afoke. Angefoka ningejitetea, nilikuwa na hoja nne nzuri. Hakufoka. Alipomaliza kufunga aliweka paji la uso begani kwangu, akakaa hivyo, nikahisi bandeji inalowa.

Hoja zote nne zikanitoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi Kimya alifika saa moja kamili. Mtu mrefu, kofia ya sufu kwenye jua, pima maji mbili begani. Mbili! Kujionyesha tu. Akasimama katikati ya uani. Akatazama vigae. "Hm." Akatazama turubai, akasoma. "Hm." Akaokota rula yangu yenye chupa, akaiinua juani, akafungua kizibo, akanusa. Hm ya tatu ilikuwa ndefu, na kama sheria ingeruhusu ningemshtaki.

Kazi yangu ya siku tano aliing'oa kwa nusu saa. Kwa jembe! Hakutoa hata jasho. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya mto, anasimamia. Wale wawili wanaelewana bila maneno. Yeye ananyoosha fimbo, fundi anachimba hapo. Mimi nimekatazwa kuinua kitu chochote kizito kuliko kikombe. Nilijaribu kushauri kidogo kuhusu mteremko, maana hakuna mtu nyumba hii mwenye uzoefu wa mteremko kunishinda. Wakageuka wote wawili wakanitazama, nikaingia ndani.

Mwalimu Mkuu akateremsha chupa ya chai kwa kamba kutoka juu ya ukuta. Ya fundi! Miaka tisa ya ujirani, sijawahi kuonja chai ya mtu yule.

La kuudhi kuliko yote ni hili. Shimo la tatu tu, jembe likagonga matofali. Mfereji wa zamani, umejengwa vizuri, umezibwa na majani, unatoa maji hadi nje barabarani. Ulikuwepo siku zote! Hatua moja kutoka nilipokuwa nahangaika na karai! Nani angejua? Watu waliojenga nyumba hii walishindwa nini kuacha maelezo? Fundi akauzibua kwa chuma kirefu. Lile dimbwi la bomba likashuka mbele ya macho yangu, kwa mlio wa mtu anayemalizia soda kwa mrija. Halafu akakaza nati moja, bomba likaacha kudondosha.

"Hm," akasema.

Nimekula chakula cha mchana chumbani.

Jumapili, 20 Aprili

Njia ya zege ya fundi imekauka. Ni ya kijivu, pana, imechorwa mistari kwa ufagio ili miguu ishike. Haina samaki hata mmoja. Ni safi, siwezi kukataa, ila haina moyo.

Asubuhi mama mkwe ametembea. Tulitoka sote. Mke wangu alikwenda kando yake, mikono ametanguliza, bila kumgusa. Fundi Kimya alipita eti kuangalia nyufa, amevaa shati lililopigwa pasi. Mwalimu Mkuu, juu ya ukuta, alihesabu hatua kwa sauti ya darasani, hakuweza kujizuia. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika tisa nilifumba macho. Nilipofumbua mama mkwe alikuwa ameshafika ukutani, ameugusa kwa kiganja.

Akageuka. Akarudi kumi na nne zote. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, anacheka, meno yote nje. Miaka yote hii sikujua kwamba ana pengo upande wa kushoto. Mke wangu akageukia ukuta akajipangusa kwa kanga. Fundi akatazama viatu vyake. Hata mimi kitu kiliniingia jichoni, vumbi la saruji nadhani.

Mama mkwe akanishika mkono, akasema, "Baba, siku ile ulianguka vizuri."

Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Ulianguka vizuri. Maana yake iko wazi kabisa. Nisingefika chini yake kwa wakati kama nisingeteleza, na nisingeteleza kwa kasi ile kama chini pangekuwa na zege la ufagio. Kwa hiyo kilichookoa goti ni vigae vyangu! Nimemweleza mke wangu hoja hii hatua kwa hatua.

Ameniita mume wangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama mkwe sasa uani hapamtoshi. Anataka kutembea hadi mbele, aone barabara na watu. Lakini geti letu ni zito, linakwaruza chini, na kulifungua kunataka bega la mwanamume. Asubuhi, akiwa anatoka kwenda kazini, mke wangu akasema atampigia Fundi Kimya. Kwa bawaba mbili! Yaani mtu akipata ufa mmoja wa ubavu, basi hafai hata bawaba! Nikamwambia aende salama, asihangaike. Nikangoja akate kona.

Kulitoa kulichukua dakika sita. Nilipitisha chuma chini yake, nikakandamiza, likanyanyuka, likatoka kama jino. Sikuamini wepesi wake. Kulirudisha ni habari nyingine. Limelala kifudifudi, nusu ndani, nusu barabarani. Bawaba moja imepinda. Ya pili imeondoka na kipande cha ukuta. Mwenye pikipiki mmoja amepita juu yake akanishukuru kwa daraja. Mbuzi wanne wameingia, wametoka watatu. Mwalimu Mkuu alisimama hapa, akafungua mdomo, nikamwambia asithubutu.

Naandika haya saa kumi na moja jioni, nimeketi kwenye kiti mahali ambapo geti linapaswa kuwa, ili asiingie mtu. Mama mkwe ameletewa kiti chake na Mwalimu Mkuu, ameketi upande wa pili wa nafasi, fimbo mapajani, anatazama wapita njia na kujibu salamu. Anasema hajastarehe hivi tangu aumwe. Kwa hiyo lengo limefikiwa. Bila fundi!

Mke wangu ametokea kule konani. Ametembea hatua chache, amesimama. Anatazama huku.

Mama mkwe ameniuliza kama nina mpango. Ninao: nyumbani hakuna chumvi. Nimemwomba anishikie daftari.